Ng'ombe Mwenye Meno ya Juu

Mhezi,
S.L.P. 31,
Same.
11 Mei 2025.

Mpendwa dada yangu Victoria,

Shikamoo dada. Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho tulipozungumza ulisema umepewa mkanda wa kujifunga unapowainua wale wazee kazini. Natumaini unaufunga kweli na hujauning'iniza nyuma ya mlango, maana nakujua. Na baridi imepungua huko Kanada? Mwanao Anderson alituambia kwamba mwezi wa nne bado mlikuwa na theluji. Mama akasema huyo mtoto anatutania, mwezi wa nne watu wanapalilia.

Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mama anasema marahaba, hata kama barua ya shikamoo yako haijafika, kwa kuwa anajua iko njiani. Bado anapanda mwenyewe kanisani kila Jumapili, na akirudi analalamika kwamba mahubiri ya siku hizi ni mafupi. Shemeji yako Vitus kifua kilimbana mwezi wa tatu tukampeleka zahanati, sasa amepona kabisa na tangu asubuhi yuko juu ya paa la banda la kuku anagongelea mabati. Mimi goti langu ni lile lile. Siku likiamua kuniuma linaniuma, siku likikubali tunapanda mlima pamoja.

Mvua za mwaka huu hazikutuonea. Maharage yametoka, na migomba ya kando ya mfereji imeinama kwa mikungu mpaka tumeikatia miti ya kuiegemeza.

Sasa najua umeruka mistari yote hiyo unatafuta habari moja tu. Anderson alikutumia ujumbe kwamba mambo yameenda vizuri, akaweka na picha ya kidole gumba. Vijana hawa habari ya siku nzima wanaimaliza kwa kidole. Isitoshe yeye mwenyewe hakuwepo, maana mchumba haingii kwenye posa yake. Na mimi kwenye simu siwezi kukueleza. Nikiwa macho wewe umelala, ukiwa macho uko kazini, na tukipatana Mama ananipokonya simu akuulize kama unakula. Kwa hiyo niliposikia kwamba Mwanaidi, yule binti wa jirani yetu fundi seremala, anaondoka Alhamisi kuja kusoma huko huko Kanada, nikasema nitaandika yote tangu mwanzo, naye atakubebea. Kaa chini dada, ujitengenezee chai.

Tulikwenda Jumamosi ya tarehe tatu. Tulikuwa watatu. Shemeji yako Eliamini alisimama mahali pa marehemu kaka yake Loth, kama baba mdogo wa kijana. Mshenga wetu alikuwa mzee Asheri, yule aliyeposa nusu ya wake wa Mhezi na Chome na bado anajisifia hajawahi kurudishwa mikono mitupu. Wa tatu mimi, mama mdogo niliyemlea kijana, wewe ukiwa huko na Loth akiwa kazini Tanga. Nilivaa lile gauni la zambarau ulilonitumia, nikajifunga na kitenge juu.

Njiani tukishuka kuelekea Same, mzee Asheri alitupa masharti. Tusizungumze siasa. Tusitaje mashamba. Na zaidi ya yote, tusitaje ugonjwa wowote wa mtu yeyote wa ukoo wetu, hata mafua. Alisema ukitaja ugonjwa kwenye posa, wenzako wanaanza kukuhesabia makaburi. Eliamini akaitikia, mimi nikaitikia, na goti langu nikaliambia kimoyomoyo leo lisinifedheheshe. Kumbe sharti hilo ndilo lililotaka kutuangusha.

Anderson alitungoja Same mjini, shati limenyooshwa utafikiri anaoa siku hiyo hiyo. Akatutafutia gari la Kisiwani, akabaki kwa rafiki yake kungoja majibu. Nilipomuaga alinishika mkono akachelewa kuuachia. Nikajua anaogopa.

Nashilu umemwona kwenye picha, lakini picha haikuonyeshi alivyo mpole na anavyocheka kwa kujiziba mdomo. Anafundisha shule ya msingi huko tambarare. Walikutana Anderson alipokwenda kuwafungia sola ya shule. Kazi ilikuwa ya siku mbili, naye akaifanya siku tano, na hakuna mwalimu aliyelalamika. Wazazi wake ni wafugaji. Nyumba yao iko mbali kidogo na barabara, ng'ambo ya korongo moja pana. Siku hiyo korongo lilikuwa kavu, tukavuka kwa viatu vyetu juu ya mchanga.

Baba yake anaitwa Sindato. Ni mrefu, mkavu, amevaa rubega na juu yake sweta la kijani, na maneno yake ni ya kuhesabika. Mama ni Naishorua. Huyo utampenda, ana macho ya mtu anayeona kila kitu na anachagua cha kusema. Walituingiza kwenye nyumba yao ya bati, wakatuketisha kwenye makochi yenye vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono, na kabla hata hatujasema tumetoka wapi, Naishorua akaja na kibuyu cha maziwa na vikombe. Kikombe cha kwanza akampa Eliamini, kwa kuwa ndiye mkuu wa msafara.

Dada, unajua habari ya Eliamini na maziwa. Tangu utotoni tumbo lake haliyataki. Yeye anafuga, anakamua kila alfajiri, wanawe wamekua kwa maziwa hayo, lakini yeye akionja tu ni balaa. Alikipandisha kile kikombe mpaka kidevuni, akakishusha, akakiweka mezani na kukifunika kwa kiganja. Akasema, "Ahsante mama, tumeshiba."

Mimi nilikunywa changu chote. Mzee Asheri alikunywa. Lakini haikusaidia, kwa sababu mkuu wa msafara ndiye aliyekuwa amesema kwa niaba yetu sote. Nilimwona Sindato akikitazama kikombe kile. Alikitazama kwa muda, kisha akaangalia mlangoni, na tangu hapo hakututazama tena usoni. Nilitaka kueleza. Mzee Asheri akanikanyaga mguu.

Akasimama yeye, akatoa hotuba yake. Alikuwa ameandaa yale maneno ya siku zote, kwamba tumepita tukaona ua zuri kwenye bustani yenu. Alipofika kwenye bustani akatazama nje dirishani, akaona vumbi, miiba na zizi, akababaika. Akabadilisha akasema tumeona mtamba mzuri kwenye zizi lenu. Wala hapo hakuna aliyecheka.

Sindato akajibu maneno machache. Alisema wametusikia, twende salama, na wakiwa na neno watalileta.

Nilisikia sufuria ikianguka nyuma ya pazia. Nashilu alikuwa huko. Mzee Asheri alitutazama, na macho yake yalisema kwamba hilo lilikuwa hapana. Nikakuwaza wewe, na nitakavyokuambia. Nikamwaza Anderson Same, na shati lake.

Tulisimama tuage, tukatoka mpaka uani. Pale kwao yalikuwa manyunyu tu, lakini huku kwetu juu wingu jeusi lilikuwa limekaa kileleni Shengena tangu asubuhi. Kabla hatujafika ukingoni tukasikia korongo linanguruma. Maji yalikuja mekundu, yamebeba magogo na jiko la mtu na jani zima la mgomba, na mimi nikaliangalia lile jani nikajua limetoka nyumbani. Hapakuwa na kuvuka. Naishorua alitufuata na kanga kichwani akasema turudi ndani, maji hayo hayapungui kabla ya jioni.

Basi fikiria, dada. Watu wamekwisha kukunyima binti yao kwa heshima, nawe umekwisha kuaga, halafu unarudi kuketi kwenye kochi lile lile. Na kikombe cha Eliamini kiko pale pale mezani. Hakuna aliyethubutu kukiondoa, maana kukiondoa ni kukitaja. Tulikaa. Sindato alikaa. Mzee Asheri, mtu wa maneno, alijifanya anasoma kalenda ukutani, ya mwaka juzi. Ilipita saa nzima na zaidi.

Waliotuokoa ni wasichana watatu wadogo. Mmoja ni mdogo wake Nashilu wa mwisho, Nashipai, ana miaka minane, na wawili ni binamu zake. Kwao Jumamosi mchana ni saa ya katuni, na posa haikuwahusu. Walisimama mlangoni wakimwangalia mama yao. Naishorua akatikisa kichwa kukubali. Nadhani ukimya ulikuwa umemchosha na yeye. Nashipai akawasha televisheni ndogo ya sola, akavuta deki kutoka chini ya kitambaa, akatoa sidii kwenye jalada lake, akaifuta kwa upindo wa gauni.

Nililitambua lile jalada kutoka nilipokaa. Pembe moja imetafunwa na mbuzi, na utepe ulioziba pale niliubandika mwenyewe. Nyuma kuna mwandiko wa kalamu ya wino: Anderson Loth, Darasa la Pili B.

Ni ile filamu yako, dada. Ile katuni ya kuimba uliyoituma kwenye sanduku pamoja na koti jekundu, Krismasi yake ya kwanza bila wewe. Sikujua iko wapi miaka hii yote. Kumbe Anderson alimpelekea Nashipai zawadi mwaka jana, alipokwenda kuwafungia sola ya nyumbani. Sikusema kitu. Mdomo wangu ulikuwa umekwisha kukanyagwa mara moja.

Utakuwa umesahau hadithi yake. Ni ya ndama aliyepotea mnadani. Mama yake anatoroka kwa mwenyewe anamtafuta, anavuka milima, anapanda treni, na kila anapofika anaimba, na yangeyange mgongoni mwake wanaitikia kama kwaya yetu ya akina mama. Kuna punda anayecheza dansi kwa miguu miwili. Kuna mchuuzi mwenye tumbo kubwa anayeimba sauti ya nne. Yote ni kwa Kiingereza, lakini wale wasichana walikuwa wanajua kila mahali pa kucheka.

Tulifika pale mama ng'ombe anapogeuka na kutabasamu, meno meupe yamepangika juu na chini kama ya bibi harusi. Ndipo Sindato akafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu mvua. Hakumwambia mtu, aliiambia televisheni.

"Ng'ombe huyo ana meno ya juu."

Kisha nikamsikia Eliamini, naye macho yake yako kwenye televisheni, anajibu taratibu kama mtu aliyeulizwa darasani.

"Mbele hapo juu ng'ombe hana jino. Ana ufizi tu, mgumu kama soli. Wa kwangu namlisha majani kwa mkono kila siku, ananilamba mpaka kwenye kiwiko. Aliyechora hii hajawahi kulisha ng'ombe."

Sindato akageuka. Akamtazama Eliamini usoni, akamuuliza kama anafuga. Eliamini akasema anafuga, ng'ombe mmoja. Sindato akarudia lile neno mmoja kwa huruma, kama mtu amesikia habari ya msiba. Akauliza anachungwa wapi. Eliamini akaeleza kwamba hachungwi, milima yetu haina nafasi, anakaa bandani na tunamkatia majani tunambebea kichwani. Sindato akataka kuhakikisha kwamba amesikia vizuri, kwamba huko kwetu ng'ombe anakaa ndani na mtu ndiye anayekwenda malishoni. Eliamini akakubali kwamba ndivyo. Wasichana wakacheka, na mimi nikaona mdomo wa Sindato unacheza pembeni.

Basi wakaanza. Wanaume wawili waliokuwa wamenuniana waliikagua ile katuni kama wakaguzi wa mnada. Kwato zimechorwa za punda. Kiwele kiko mbali mno mbele. Yule fahali anayeimba kwa mapenzi ana shingo ya mtamba. Kila kosa lilipotokea mmoja alilionyesha kwa kidole na mwingine akathibitisha. Mzee Asheri aliiacha kalenda yake.

Katikati ya hayo Sindato akasema, sauti imeshuka, "Mtu anayemjua ng'ombe namna hii, anakataaje maziwa yake?"

Eliamini akamtazama mzee Asheri. Mzee Asheri akatazama juu kwenye bati. Nadhani alikuwa anaagana na sharti lake. Ndipo Eliamini akasema.

"Mzee, si kukataa. Tumbo langu haliyapokei tangu nizaliwe. Nikinywa kikombe kile, hamtanipenda humu ndani."

Naishorua ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Kisha Sindato naye, kicheko kifupi cha puani. Lakini kilipokwisha alikaa mbele kidogo kwenye kiti, akatueleza jambo ambalo sikulitegemea. Nashilu alipokuwa msichana mdogo alikuwa anabeba maziwa kuuza mjini. Siku moja mtu mmoja, hakumtaja, alionja, akasema yananuka moshi, akayamwaga yote chini mbele yake. Unajua wenzetu wanakifukiza kibuyu kwa kijinga cha mti ili maziwa yakae vizuri. Ule moshi ndio utamu wake. Mtoto alirudi nyumbani na kibuyu kitupu na bila ya kitu mkononi, akakataa kula siku mbili. Sindato alisema siku ile aliapa kwamba binti yake hataingia nyumba ya mtu anayeyaonea kinyaa maziwa yao. Ndiyo maana alipoona mkono wa Eliamini juu ya kikombe, kwake mambo yalikuwa yamekwisha.

Eliamini alinyanyuka, dada. Unamjua alivyo mzito kuinuka. Alikwenda akamwinamia yule mzee, akamwomba radhi, akasema kosa ni lake, kwa kuona haya kutaja tumbo lake. Sindato akamwambia aketi. Akauliza, sasa kikombe hiki nani anakinywa kwa niaba yako? Wote wakanitazama mimi. Nikakinywa. Yalikuwa yameanza kuganda na yalikuwa matamu, na moshi wake nikausikia mpaka puani. Hicho kilikuwa cha pili, na vilikuwa vikombe vikubwa.

Hapo sasa nataka kukuambia jambo nililokuficha miaka kumi na sita.

Unaukumbuka ule wimbo wa mama ng'ombe, pale anaposimama juu ya kilima na ndama yuko upande wa pili hamwoni? Krismasi ile Anderson aliurudia. Ulipokwisha alirudisha nyuma, ukaimbwa tena, mara nne, mara tano, kila siku akitoka shule, mpaka Vitus akauliza kama mashine imeharibika. Kisha alitoka nje kukata majani bila kuongea na mtu. Wewe ulipiga simu ukaniuliza kama mtoto ameipenda filamu, nami nikakujibu ameipenda sana. Halikuwa uongo. Lakini nilikupa nusu, kwa sababu sauti yako siku ile haikuwa na nguvu ya kubeba iliyobaki. Nisamehe. Leo naweza kukuambia, kwa kuwa mtoto yule amekuwa mtu mzima na wimbo ule umetuletea heri.

Kwa kurudiwa kule sidii ilichubuka pale pale. Ikifika kwenye wimbo huo inakwama, inaruka, unamwona mama ng'ombe yuko kilimani, na ghafla yuko kwenye treni. Nilijua itatokea, nikajiandaa kusikitika. Lakini ilipokwama wale wasichana hawakusikitika hata kidogo. Walisimama wakaimba wenyewe sehemu iliyopotea, kwa Kiswahili, maneno ambayo Anderson aliwatungia:

Kilima ni kimoja, mwanangu, si viwili,
Simama ulipo, uisikie sauti yangu.
Nyasi nimeziacha, na maji nimeyaacha,
Nakuja, nakuja, usichoke kunisikiliza.

Naishorua aliitikia kwa Kimaasai, sauti ya chini kabisa. Nyuma ya pazia nikamsikia Nashilu naye anaimba. Nami mdogo wako, ambaye nimeusikia wimbo ule mara mia kupitia ukutani, nikajikuta nashika sauti ya pili kama niko kwenye kwaya. Tuliimba mpaka sidii ikajinasua na treni ikatokea. Kisha Nashipai akairudisha nyuma kwa rimoti, tukaimba tena.

Ulipokwisha Naishorua akasogea karibu yangu. Aliuliza filamu hii ilitoka wapi, maana Anderson alipoileta alisema tu ni ya kwao. Nikamwambia ilitumwa na mama yake mzazi kutoka mbali, mtoto akiwa na miaka minane. Akauliza mama huyo yuko wapi leo. Nikaeleza kwamba uko Kanada, unatunza wazee wa watu, umekuja nyumbani mara mbili, mara ya mwisho kumzika Loth. Nikamwambia ulivyotuagiza, kwamba likizo hupati mpaka mwakani, kwa hiyo tusikungoje, tufunge harusi mwezi wa tisa na wewe utaiona kwenye simu.

Akazungumza na mumewe kwa lugha yao, maneno mengi, na Sindato akawa anaitikia kwa koo. Mzee Asheri alianza kujifuta jasho upya. Kisha Naishorua akanigeukia.

"Kwetu mtoto humwinamia mkubwa, na mkubwa humshika kichwani. Binti yangu haingii nyumba ambayo mama mkwe wake hajamshika kichwa. Mwambie mama huyo aje. Akija mwakani, harusi ni mwakani."

Sindato akaongeza kwamba posa wameipokea, na mengine wazee watakaa wayamalize, hayana shida. Lakini tarehe wao hawaipangi na sisi hatuipangi. Anayeipanga ni mama wa kijana. Mzee Asheri alifungua mdomo kusema kwamba vijana hawapendi kungoja, na Nashilu mwenyewe akajibu kutoka nyuma ya pazia kwamba atangoja. Hiyo ndiyo sauti yake pekee waliyoisikia wazee siku ile ukiondoa ule wimbo.

Maji yalipungua jua likiwa bado lipo. Sindato alitusindikiza mpaka ng'ambo, amemshika Eliamini mkono kwenye mawe. Walipoagana alisema atapanda Mhezi baada ya mavuno kuja kumwona huyo ng'ombe anayeishi chumbani. Vitus ameshaanza kuhangaika tutamlaza wapi.

Tulipofika Same Anderson alikuwa amesimama kwenye kibaraza cha rafiki yake. Eliamini akamwambia wamekubali. Aliruka akanikumbatia. Kisha nikamwambia sharti lao, kwamba harusi haitakuwa mwezi wa tisa, itangoja mpaka mama yake atakapokuja. Nilidhani atanung'unika. Aliniuliza mara mbili, "Wamesema mpaka mama aje?" Nikamwambia ndiyo, ni wao waliosema, si sisi. Akasema anakwenda kutuletea soda. Alikaa huko muda mrefu, na aliporudi uso ulikuwa umenawishwa na soda amezisahau.

Dada, usiniletee tena habari ya kuiona harusi kwenye simu. Nenda kazini kwako uulize ni lini watakuachia. Iwe ni mwezi wa pili, iwe ni wa sita, iwe ni katikati ya masika na korongo limejaa, utakayoitaja ndiyo siku ya harusi, na hapa hakuna atakayebisha. Ukishaijua mpigie simu Anderson kwanza, kabla hujanipigia mimi. Mwambie wewe mwenyewe.

Mama anakusalimu sana na anauliza kama unakula. Vitus anakusalimu kutoka juu ya banda. Eliamini na nyumba yake yote wanakusalimu, na mzee Asheri anasema ujue kwamba bado hajarudishwa mikono mitupu. Nashilu alinipa salamu zako kwa kuninong'oneza wakati tunaondoka. Alisema nikuandikie shikamoo mama, nami naiandika hapa kama alivyosema. Mwanaidi atakukabidhi pia kifurushi cha tangawizi kavu na kilo mbili za maharage ya kwetu. Mpokee vizuri, ni mtoto wa watu na hajawahi kuona theluji.

Mungu aliyekulinda miaka yote hiyo ugenini akulinde na mwaka huu uliobaki, akuponye mgongo, akufungulie mlango wa likizo, na akulete nyumbani ukiwa na nguvu za kucheza.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye na kukungojea,

Esta.